Siku moja Kisite: mwongozo kwa asiyewahi kuvaa mrija

Kila kaskazi ikianza kuvuma, maswali ya kutazama matumbawe kwa mrija, lile bomba la kupumulia uso ukiwa majini, ni yaleyale. Sijui kuogelea, nitaweza? Pomboo wapo kweli au ni picha za matangazo tu? Mimi mtu wa buibui nitaingia majini na nini? Juzi nimeulizwa harusini, sahani ya biriani mkononi, na aliyeniuliza hakunipa nafasi hata ya kumeza. Basi nayaandika hapa yote kwa mpigo mmoja.

Ninakozungumzia ni Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, kaunti ya Kwale, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya. Unaondokea Shimoni, unapita kisiwa cha Wasini, unatafuta pomboo, unashuka kwenye matumbawe ya Kisite, kisha unarudi Wasini kula. Ndani ya Kisite, eneo la kilomita za mraba 28, hakuna ruhusa ya kuvua chochote. Upande wa visiwa vya Mpunguti uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Utaiona tofauti ukitia uso majini, maana samaki wa Kisite hawakukimbii.

Usidhani naandika kama samaki. Nimezaliwa Kisauni, bahari nikiiona kila siku, na mara ya kwanza nilipotia uso ndani ya maji nikiwa macho wazi nilikuwa na miaka 31. Nililia ndani ya miwani. Kwa hiyo hofu yako naijua ilivyo.

KABLA HUJAPANGA SIKU

Tazama upepo kwanza. Oktoba hadi Machi bahari hutulia na maji huwa meupe, unaona chini bila taabu. Masika, Aprili na Mei, mito ya Ramisi na Umba humwaga tope baharini na utalipa pesa kutazama chai ya maziwa. Kusi ikishika, Juni hadi Agosti, mawimbi ni makubwa. Hata hivyo, huo ndio msimu wa nyangumi wenye nundu wanaopanda kutoka bahari ya kusini, na wapo wanaovumilia mawimbi kwa ajili yao. Ukiwa mgeni wa mrija usichanganye mambo mawili. Nyangumi wape safari yao.

Halafu tazama mwezi. Hili ndilo watu hawaliulizi, na ndilo linaloamua siku yako kuliko bei ya boti. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ni bamvua: kwetu maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Maji mengi hivyo yakienda na kurudi kwa saa chache, mkondo lazima uwe na nguvu. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: saa nne maji yamejaa, yanasogea kivivu. Anayeanza namshauri achague maji mafu. Anayetaka picha kwenye fungu la mchanga mweupe achague bamvua, kwa sababu fungu hujitokeza maji yakitoka, ila asishangae mkondo ukimvuta.

VITU VYA KUBEBA

- Kitambulisho. Raia, mkazi na mgeni hawalipi sawa kuingia hifadhini, na kusema "mimi ni wa hapahapa" hakutoshi.
- Simu yenye chaji na pesa. Ada ya hifadhi hulipwa kupitia eCitizen, wala si kwa noti. Fungua akaunti ukiwa nyumbani. Kuanza kutafuta nywila gatini huku wenzako wakikutazama ni aibu isiyo na sababu.
- Maji kwenye chupa ya chuma au jagi la kurudi nalo. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi za taifa za Kenya, na bahari ya Kisite ni hifadhi ya taifa kama Tsavo. Watu hufika na katoni ya chupa wakaambiwa waiache.
- Fulana ya mikono mirefu inayobana kidogo, na suruali ya kubana. Hii ni kwa wote, wanaume kwa wanawake. Utakuwa umelala kifudifudi saa nzima jua likikupiga mgongoni na nyuma ya mapaja, na ngozi nyeusi huungua vilevile, usidanganywe.
- Wenye kujisitiri, vazi la kuogelea la kufunika mwili wote ndilo bora. Ukikosa, fulana na suruali ya kubana na kilemba kilichofungwa kwa nyuma vinatosha. Dera na buibui vibaki kwenye boti: vikilowa vina uzito wa mtu wa pili, na huzonga miguu.
- Kanga mbili. Moja ya kujifutia, moja ya kujifunika wakati wa kurudi, maana upepo juu ya nguo mbichi hutetemesha hata Januari.
- Sandak za plastiki za kushukia kwenye mawe.
- Dawa ya kichefuchefu kama bahari hukulevya. Imezwe karibu saa moja kabla ya kuondoka. Ukiimeza baada ya kuanza kutapika utakuwa unawalisha samaki dawa.
- Miwani yako mwenyewe ya kupiga mbizi, ukiweza kununua. Mrija na mapezi ya miguuni kodi tu.

HATUA KWA HATUA

1. Ulizia kabla ya kulipa. Uliza bei inajumuisha nini: ada ya hifadhi, chakula, vifaa, kushuka Wasini. Uliza pia jaketi za kuokolea maisha ni ngapi na watu ni wangapi, na nani ataingia majini pamoja nanyi. Hilo la mwisho lina uzito. Niliwahi kupanda boti moja ambayo kiongozi wake alibaki juu akichezea simu, na sisi wanane tukawa tunaelea kila mtu na njia yake. Jibu unalolitaka ni "mtu mmoja ataingia nanyi na boya". Ukipewa jibu la "hakuna shida", uliza tena.

2. Fika Shimoni mapema, saa moja na nusu asubuhi hivi. Ukitoka Mombasa, hesabu foleni ya feri ya Likoni. Mwenye gari anayetokea upande wa Nairobi anaweza kupita barabara ya Dongo Kundu asiguse feri kabisa. Kwa matatu, panda ya kwenda Lunga Lunga, teremka njia panda ya Shimoni, hapo bodaboda hazikosekani. Asubuhi kula chakula kikavu na kidogo: mkate, ndizi, chai ya tangawizi. Mahamri na mbaazi za nazi ziache mpaka kesho. Nazipenda kuliko mtu yeyote, lakini nimeshaziona zikirudi.

3. Jaribu miwani ukiwa nchi kavu. Iweke usoni bila kuvuta mkanda nyuma, vuta pumzi kwa pua, kisha achia mkono. Ikishika yenyewe, ni yako. Ikianguka, omba nyingine, usione haya. Mkanda haukazi miwani mbovu. Ondoa kila unywele ulioingia chini ya mpira, na wenye rasta au nywele za kusuka wavute zote nyuma ya paji. Wenye masharubu wapake mafuta mazito juu ya mdomo. Kama miwani ni mpya kutoka dukani, isugue kioo kwa ndani na dawa ya meno usiku uliotangulia, la sivyo itashika ukungu siku nzima.

4. Ndani ya boti kaa katikati, upande wa nyuma, ukitazama upeo wa bahari. Simu weka mfukoni. Mkunjo wa kwanza wa mawimbi huwa mkikiacha kisiwa cha Wasini. Hapo ndipo wanaotazama video hubadilika rangi. Jaketi livaliwe tangu bandarini, na mikanda ifungwe yote.

5. Mtafute pomboo kwa macho, usimwachie nahodha kazi yote. Tazama membe, wale ndege wa baharini: wakikusanyika na kujitupa majini pamoja, chini yao kuna dagaa, na penye dagaa pomboo hayuko mbali. Tazama pia maji yanayong'aa tofauti, kisha usubiri. Pomboo hupumua hewa kama sisi, lazima aje juu.

Utakaowaona sana ni wale wa kijivu wenye pezi lililopinda kama mundu, wanaokwenda kwa makundi madogo. Ukiona mgongo wenye nundu chini ya pezi, huyo ni wa aina nyingine, mwenye haya, hupenda maji ya karibu na pwani. Na ukibahatika nje kidogo, kuna wadogo wembamba wanaoruka na kuzunguka hewani kama pia. Hao hata mabaharia wa miaka 20 huacha kuzungumza wakawatazama.

6. Pomboo wakitokea, mwombe nahodha apunguze mwendo. Ndiyo, wewe abiria. "Nahodha, tuwaache watujie wenyewe" ni maneno manne tu, na nahodha mzuri atafurahi kuyasikia. Boti iende sambamba nao kwa ubavu, isiwakate mbele, isipite kati ya mama na mtoto. Wakianza kukaa chini muda mrefu na kugeuza njia kila mara, wamechoka na nyinyi, ondokeni.

Kosa kubwa la siku nzima liko hapa: kuruka majini kuwafuata. Pomboo anakuacha kwa pigo moja la mkia, wewe unabaki katikati ya mkondo, umechoka, na boti nyingine zinakuja kwa kasi. Hata ukiona wenzako wanaruka, kaa. Na kosa la pili ni kushinda saa mbili ukiwafukuza mpaka maji ya Kisite yameshageuka. Mimi pomboo nawapa nusu saa. Matumbawe hayakimbii, na kwa maoni yangu ndiyo yenye kustahili nauli.

7. Kisite mkifika, usiruke kutoka kwenye boti. Omba ushushwe kwa ngazi, au penye maji ya kifuani karibu na mchanga kama maji yanaruhusu. Sasa fanya hivi, taratibu, na wenzako wakikuacha waende.

Temea mate ndani ya kioo, sugua, suuza mara moja. Vaa miwani, ng'ata mrija, funga midomo juu yake kama unayenyonya dafu. Simama wima, kichwa nje ya maji, upumue kwa mdomo mara 20. Utahisi ujinga; endelea. Kisha inama utie uso tu, miguu ikiwa bado chini, upumue mara 20 nyingine. Pumzi ndefu ya kutoa, fupi ya kuvuta. Wengi wanaoshindwa hawashindwi na maji. Wanavuta pumzi juu ya pumzi bila kuzitoa, kifua kinajaa, wanadhani wanakosa hewa. Ukijisikia hivyo, toa pumzi yote kwanza, polepole, utaona nafasi inapatikana.

Bado una hofu? Simama. Tazama boti. Rudia. Mimi ilinichukua dakika 40, na mtu aliyekuwa nami alinishika mkono mmoja bila kusema neno, Mungu ambariki.

8. Jilaze. Jaketi litakubeba na maji ya chumvi yatakusaidia. Asiyejua kuogelea anaweza kuangalia matumbawe vizuri kabisa akiwa na jaketi, ameshika boya linalovutwa na kiongozi. Piga miguu kutoka nyongani, goti likiwa karibu kunyooka, pole kama mtu anayepepea moto wa mkaa usioruka cheche. Kama miguu yako inarusha maji juu, unapoteza nguvu na unafukuza samaki.

Kisha acha kwenda mbele. Wageni huogelea huku na huko kama wanaotafuta funguo iliyopotea. Elea mahali pamoja dakika 5 na samaki watarudi. Utasikia kwanza: krr, krr, kama mtu anayetafuna bisi. Ni pono wanaokwangua matumbawe kwa meno yao, na sehemu ya mchanga mweupe unaousifu ufukweni imepita tumboni mwao. Utaona vitatange wawiliwawili, kangaja kwa makundi, taa amejifukia mchangani macho tu yakiwa nje, mkunga ametoa kichwa kwenye pango akifungua na kufumba mdomo (anapumua, hakutishii). Ukikutana na kasa, kaa pembeni yake. Usimwelee juu, kwa maana huko juu ndiko anakokwenda kuvuta hewa.

Papa nisiulizwe. Sijawahi kukutana naye hapo.

9. Mikono iwe kifuani. Usishike tumbawe, usilisimamie hata kwa ncha ya pezi. Lile linaloonekana jiwe ni kiumbe hai, na kipande unachokivunja kwa sekunde kimechukua miaka kukua. Lina makali pia, na kidonda chake hakiponi upesi. Wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu kama nungunungu usiwakaribie kabisa. Makombe na konokono viache palepale, hata vitupu: kutoa chochote hifadhini ni kosa. Mkate wa kulishia samaki usibebe.

10. Toka majini kabla hujachoka. Kwa mara ya kwanza, dakika 30 hadi 40 zinatosha. Ishara yako ni baridi: ukianza kutetemeka au vidole vikikunjamana, inua mkono, panda botini, ujifunike kanga, unywe maji. Utarudi tena baada ya nusu saa kama unataka. Ukiishiwa nguvu hukohuko ndani, ngazi ya boti itakuwa ndefu kama mnazi.

11. Wasini. Chakula ni samaki, kaa na wali wa nazi, na hapo sina la kukufundisha. Ila jifunge kanga kabla ya kupanda kijijini; ni mji wa Kiislamu wa watu wanaoishi pale. Kisiwa hakina gari, na maji yake matamu kwa miaka mingi yamekuwa ya mvua, hivyo usioge kwa ndoo tatu. Ukibaki na muda, kuna njia ya mbao ya kikundi cha akina mama inayopita kwenye mikoko na matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu. Lipa kiingilio bila kupatana bei.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Maji yanaingia kwenye miwani. Mara nyingi unatabasamu, na mashavu yanainua mpira. Kama sivyo, ni unywele. Kama yameingia kidogo, inua uso, bana kioo upande wa juu, puliza kwa pua. Maji yatatokea chini.

Umevuta maji kwenye mrija. Usivute tena. Puliza kwa nguvu, "tuu!", kama unayetema mbegu ya zambarau. Huna pumzi ya kupuliza? Toa kichwa nje, ng'oa mrija, pumua. Hakuna mashindano.

Mkondo unakuchukua. Usishindane nao. Lala chali, jaketi likubebe, inua mkono mmoja juu na uuache hapo. Boti ndiyo itakayokufuata wewe. Kwa sababu hiyo usiogelee peke yako, na usitoke machoni pa boti hata kidogo.

Sikio linauma ukizama kidogo. Panda juu, bana pua, puliza taratibu. Likiendelea, kaa juu ya maji siku hiyo. Na usijaribu mtindo wa vijana wa kuvuta pumzi nyingi za harakaharaka kabla ya kuzama: mtu huzimia chini ya maji bila kuhisi dalili.

Mguu umekaza. Geuka chali, vuta kidole gumba cha mguu kuelekea kwako, subiri.

Bahari imekulevya. Kaa nyuma ya boti upande unakoelekea upepo, tapika nje, kunywa maji kwa funda ndogo. Ajabu yake, wengi hupona wakishashuka majini na kutazama chini kunakotulia.

Konyeza, yule wa utelezi anayeelea majini, amekuchoma. Suuza kwa maji ya bahari, usisuuze kwa maji ya kunywa, na usisugue kwa mchanga.

Miiba imekuingia, au umekanyaga samaki mwenye sumu. Loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa au zaidi. Miiba inayoonekana itolewe kwa kibano. Mkojo haufanyi kazi, hata mzee gani akwambie. Maumivu yakizidi kupanda, au uvimbe ukienea, au pumzi ikibana, usisubiri chakula cha Wasini: rudini Shimoni na mwende hospitali. Kubwa iliyo njiani ni ya Msambweni.

Pomboo hawakuonekana. Hutokea, hasa bahari ikichafuka. Usimdai nahodha pesa zako, hakuwafuga. Mwulize tu kama mnaweza kupita njia nyingine wakati wa kurudi. Mara mbili mimi nimewaona alasiri, karibu kabisa na Shimoni, nguo zimeshakauka na kamera imeshafungwa ndani ya mkoba.